Siri ya Kabla ya Keki

Sheria ya siri aliitunga Fundi mwenyewe, tena kwa utani, kama alivyofanya mambo mengi ya maana maishani mwake. Watoto wake walikuwa bado wadogo, zawadi zilikuwa za kubahatisha, akaona siku ya mtu kuzaliwa isipite hivi hivi kama siku ya kufua mashuka. Akatangaza: kabla keki haijakatwa, mmoja wa familia atamwambia mwenye siku yake jambo ambalo hakuwahi kulijua. Mwenye siku yake asikie, acheke, kisha asimame ashukuru kwa jema lolote lililompata duniani. Kukasirika marufuku. Atakayekasirika hali keki.

Kwa sheria hiyo nyumba ile ilikuwa imejua mengi. Sista, mke wa Fundi, alikuja kujua kwamba paka aliyevunja birika lake la harusi hakuwahi kuzaliwa. Mkwe wao alikuja kujua kwamba siku alipokuja kuchumbia, akakaa wima na kujibu maswali kama yuko mahakamani, zipu ya suruali yake ilikuwa wazi kuanzia karibu mpaka kwaheri, na ukoo mzima ulikuwa umekubaliana kutazama dari. Naye akacheka mpaka akajifuta machozi. Ndivyo walivyokuwa watu wale. Kosa likishakaa miaka ya kutosha, kwao liligeuka kichekesho, likaletwa mezani pamoja na soda.

Sasa zamu ilikuwa ya Fundi, na Fundi alikuwa ametimiza sitini.

Sebule ilijaa mchana ule mpaka watoto wakakaa juu ya mikono ya makochi. Viti vya ziada viliazimwa kwa Kinyozi, jirani, ambaye alivitoa kwa sharti la kualikwa. Mlango wa kwenda kwenye karakana ya redio ulikuwa wazi, na feni za wateja zilikuwa zimetolewa huko na kupangwa ukutani, zinapuliza wageni.

"Nazifanyia majaribio," alisema Fundi. "Wenyewe wakija, nitawaambia zimefaulu."

"Hii yangu inalalamika kuliko mama mkwe," alisema Kinyozi.

"Ndiyo maana nimekuwekea wewe. Umeshazoea."

Sista alikaa kushoto kwa mumewe, ameshona gauni jipya. Alikuwa muuguzi mpaka alipostaafu, na hilo jina la wodini lilimganda hata nyumbani; Fundi alimwita Sista siku ya kwanza kumwona, na hakuona sababu ya kubadilisha. Kulia kwa Fundi alikaa Dada, dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu aliyefika asubuhi hiyo kutoka mji wake wa mbali, mwenye sauti ya kunyamazisha madarasa matatu kwa mpigo.

Shukrani ambayo Fundi angeitoa, kila mtu aliijua. Alikuwa nayo moja tu, na kila mwaka aliisimulia kana kwamba imetokea juzi. Alipokuwa kijana alipuliza tarumbeta kwenye bendi, na bendi ikapata safari ya kwenda kupiga nchi za watu, mkataba mnono, basi limeshakodiwa. Wiki ile ile mama yake akaanguka. Moyo. Fundi akaiacha safari. Akabaki kumwuguza, na kila asubuhi alikuja msichana mmoja wa chuo cha uuguzi, rafiki ya Dada, kumpima mgonjwa presha. Basi likaondoka. Kisha asubuhi moja Fundi alirudi mbio kutoka kutafuta dawa, akamkuta mama yake amesimama jikoni, anachemsha chai, na yule msichana pembeni yake analia. Akawakumbatia wote wawili kwa pamoja. "Mkono huu mama, mkono huu mke," angemalizia Fundi, "na mimi nilikuwa bado sijui. Mungu akinyima tarumbeta, anatoa chai." Watoto walikuwa wakiyatamka maneno hayo pamoja naye kama wimbo wa shule.

Binti yake mkubwa akapiga makofi. "Haya, tusiichoshe keki. Nani ana siri ya Baba?"

Dada akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Ile ya kofia, siyo, wifi?" alisema Sista haraka.

"Ya kofia ni ya watoto. Mtu ametimiza sitini, anastahili kubwa."

"Wifi."

"Sasa nini? Mama ameshatangulia. Tukiiweka hii tutakuja kuzikwa nayo."

Fundi alikuwa anasugua mikono. "Ilete, Dada. Kama ni kwamba niliokotwa, nilishahisi. Pua hii si ya ukoo."

Dada akaweka glasi yake chini, akanyoosha khanga mabegani. "Unakumbuka Mama alivyougua moyo?"

"Nitaachaje? Ndiyo shukrani yangu hiyo, usiniharibie."

"Basi hakuugua."

Wageni wakachangamka, viti vikasogea. Dada aliisimulia vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Alieleza jinsi Mama alivyofundishwa kuvuta pumzi, mbili fupi na moja ndefu, na jinsi alivyosahau akawa anavuta zote ndefu. Jinsi alivyochoka kulala, Fundi akitoka tu yeye anainuka kufagia nyumba, kwa sababu hakuweza kuvumilia uchafu hata kwenye ugonjwa wake wa uongo. Siku moja Fundi alisahau kitu akarudi ghafla, na mgonjwa akaruka kitandani na ufagio wake, akajifunika nao gubigubi.

"Na huyu bwana," alisema Dada, anapigapiga bega la Fundi, "akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mti wa ufagio juu ya blanketi, akasema, Mama, umekonda mpaka mguu umekuwa hivi."

Nyumba ikalipuka. Kinyozi alipiga paja lake. Fundi naye alicheka, kwa nguvu, kwa sababu kicheko chake siku zote kilitangulia akili, na hadithi ilikuwa tamu. Alicheka mpaka Dada alipomwelekeza kidole Sista na kusema, "Na daktari wetu ndiye huyu hapa. Mngemwona anavyokunja uso akisoma kile kipimo. Presha ya Mama ilikuwa nzuri kuliko yangu."

Fundi akageuza kichwa kushoto. Sista alikuwa anaunyoosha mshumaa mmoja wa keki, mshumaa ambao haukuwa umepinda.

"Ngoja kwanza," alisema Fundi. Bado alikuwa anatabasamu. Uso ulikuwa haujapata habari. "Mlijua basi linaondoka Jumamosi?"

"Si ndiyo sababu yenyewe. Mimi nilikuwa nimeshapangiwa shule kule mbali. Na wewe ungeondoka, Mama angebaki na nani? Mwenyewe alisema, huyu akilipanda lile basi harudi."

"Na wewe ulirudi?"

Alisema kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia. Dada alicheka kidogo. "Si nilikuwa nakuja likizo."

Fundi aliikumbuka ile Jumamosi. Kiongozi wa bendi alisimama mlangoni, injini ya basi inaunguruma nje, na Fundi alimkabidhi tarumbeta ndani ya sanduku lake, maana lilikuwa mali ya bendi, na koti lenye vifungo vya kung'aa, ambalo alikuwa amelipiga pasi usiku kucha kana kwamba angelivaa. Honi ilipolia, Mama aliguna kule chumbani. Fundi alimkimbilia, akamfuta jasho. Sasa, katikati ya soda na vicheko, alijiuliza kama na ule mguno walikuwa wameufanyia mazoezi.

"Nakwenda kuzima pasi ya kuchomelea nyaya," alisema, akainuka. "Isije ikatuunguza sote."

Pasi ilikuwa baridi. Hakuwa ameiwasha siku nzima. Alisimama mbele ya meza yake ya kazi, kati ya redio zilizofunuliwa migongo, akashika bisibisi, akaiweka, akaishika tena. Alisikia mlango ukirudishwa nyuma yake, na hakuwa na haja ya kugeuka.

"Siku ile ya chai," alisema. "Ulikuwa unalia nini?"

"Aibu," alisema Sista.

"Si furaha?"

"Uliingia unatweta, shati limelowa, chupa ya dawa mkononi. Ukamwona amesimama, ukaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Ningefanya nini, nicheke?"

"Ungesema."

"Nilikuwa msichana wa chuo, dada yako ndiye rafiki yangu, mama yako ameshanibana mkono. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake ukanisindikiza mpaka getini kwetu, unanichekesha njia nzima. Nikasema basi, keshokutwa."

"Keshokutwa yako ina miguu mifupi."

Kwa mazoea alikaribia kutabasamu, na hilo nalo likamuudhi. Haikuwa tarumbeta, huo ndio ukweli. Hakuwahi kujidanganya kwamba dunia ilikosa kitu. Pengine lile basi lingekufa kwenye mlima wa kwanza, na wote warudi kwa miguu na ngoma vichwani. Kilichomkaba ni kingine, na alikitafuta kwa muda kabla hajakipata, kama anavyotafuta waya uliokatika ndani ya redio ambayo kwa nje haina alama.

"Kila mwaka nimeisimulia hiyo asubuhi," alisema. "Mbele za watu. Mbele ya watoto wetu. Nikimaliza, nani huwa wa kwanza kusema amina?"

Sebuleni walikuwa wameanza kuimba, ili muda usiwe mtupu.

"Mimi," alisema.

"Kwa nini, Sista?"

"Kwa sababu ulikuwa unafurahi. Ulikuwa na furaha hata Mama mwenyewe akawa anaogopa kuiharibu. Alipokuwa anakufa kweli alitaka akwambie. Mimi ndiye niliyemzuia."

Fundi aligeuka hapo. Alimtazama mke wake kama anayemwona kupitia miwani ya mtu mwingine.

"Mume wangu," alisema Sista, "kukupenda nilikupenda kweli. Hilo halikupangwa na mtu."

"Na mimi nitajuaje? Kipimo kilikuwa mkononi mwako."

Miaka yote hiyo, kila mara Fundi alipomshinda Sista kwa maneno, ilikuwa kwa mzaha, naye angemtupia kitambaa au mto. Safari hii hakuwa na cha kumtupia. Fundi akampisha, Sista akatangulia, wakarudi sebuleni mmoja nyuma ya mwingine kama watu waliokutana foleni.

"Shukrani," watu walidai. "Shukrani, shukrani."

"Mkono huu mama," mjukuu mmoja alianza kumsaidia.

Fundi alisimama kwenye nafasi yake. Aliitazama keki, akawatazama watu wake, wote wameshaandaa nyuso za kucheka.

"Nimekasirika," alisema.

Wakacheka. Bila shaka walicheka. Mtu aliyetunga sheria anaivunja mbele yao, na macho ameyakaza vile, ungedhani ni kweli.

"Basi kipande chako nimekirithi," alisema Kinyozi.

Fundi alingoja. Alikuwa na uvumilivu wa kazi yake, wa kukaa na kitu kibovu mpaka kinyamaze. Vicheko vilipungua upande mmoja, kisha mwingine, mpaka ikabaki feni ya Kinyozi peke yake inalalamika.

"Nimekasirika," alisema tena, kwa sauti ile ile, sauti anayoitumia kumwambia mteja kwamba hii haitengenezeki.

Hakuna aliyecheka. Binti yake aliitazama nguo ya mama yake, kisha uso wa mama yake, akakaa chini taratibu. Dada alianza kuuvuta mkoba wake kutoka chini ya kiti.

"Naona nimeharibu siku ya watu," alisema. "Basi la jioni bado lipo."

"Kaa, Dada. Sijakufukuza."

"Si tulikuwa tunacheka? Wewe mwenyewe ulicheka."

"Nilicheka. Ni mazoea." Alijivutia kiti, akakiweka mbele ya Dada, magoti yao karibu yagusane. "Nisimulie tena, tangu mwanzo. Safari hii usinichekeshe."

Sista alibaki amesimama kidogo, mikono haijui pa kwenda. Kisha akakiinua kiti chake kutoka kushoto kwa mumewe, akakizungusha, akakaa ubavuni mwa Dada, uso kwa uso na Fundi.

Dada alikohoa. Mwalimu yule, aliyenyamazisha madarasa kwa sauti, alianza, akaacha. Alianza tena na ufagio, akaona macho ya mdogo wake, akauacha. Bila vichekesho, hadithi ilikuwa fupi mno na haikuwa na pa kushikia.

"Nilitaka kuondoka," alisema mwishowe. "Hiyo tu. Nilitaka kuondoka, na sikutaka nionekane nimemtupa Mama. Nikamwambia ajilaze. Alikataa. Nikamlilia mpaka akakubali." Aliitazama mikono yake. "Tuliogopa kukuomba. Tulijua unavyolipenda lile tarumbeta. Tukasema, tukimwomba, atakataa."

"Mngeniomba," alisema Fundi, "ningekaa."

Dada akainua uso. Sista alijishika mdomo.

"Ningekaa," alisema Fundi. "Endelea."