Mrututu wa Kabeya

Jumatatu asubuhi Mama Ntumba alifagia majani chini ya mtofaa wa Mukalay, mkurugenzi wa kampuni ya mgodi, akayachoma. Yalikuwa na madoa meusi ya ukungu, na matofaa machanga yalikwishaota magamba na kupasuka. Alikuwa ameyakata matawi ya katikati ili upepo upite. Kilichobaki ni kuupulizia mti mrututu uliochanganywa na chokaa, kabla mvua haijaueneza ugonjwa. Chokaa ilikuwepo. Mrututu, dawa ya buluu ambayo hutengenezwa kwa shaba, ulikuwa umeagizwa Ulaya na haujafika. Shaba ya mgodi wa hapo Kolwezi ilipita kwenye reli kila siku ikienda baharini, lakini ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

Mumewe Kabeya, mchimbaji, alikuwa amekufa kabla ya mvua za kwanza. Tshimanga, daktari wa kampuni, alisema ni malaria. Lingekuwa vumbi la mgodi, mjane angeachiwa nyumba ya kampuni. Kwa malaria, alitakiwa kuhama matofaa yakishaiva. Ntumba alikuwa amelala kando ya kikohozi cha mumewe miaka mingi. 

Jioni hiyo Kabeya alirudi kama alivyozoea kurudi kutoka kazini, akavua buti mlangoni.

"Mama, lete beseni," alisema. "Kifua inaniuma."

"Hata kule haijapona?"

"Kule hakuna vumbi. Hii ni ile ya hapa."

Alikohoa mpaka maji ya beseni yakawa ya buluu. Ntumba hakuwa mtu wa kumwaga kitu ovyo. Asubuhi aliyachanganya na chokaa, akaupulizia mtofaa. Kabeya akawa anakuja kila mvua ilipopita, kwa kuwa dawa ile huoshwa na maji na sharti irudiwe. Majani mapya yalitoka safi.

Ndipo Ntumba alipojitwika beseni hadi barazani kwa mkurugenzi, ambako daktari alikuwa akinywa bia.

"Sitwayen direkta, hii maji inatoka mu kifua ya bwana yangu," alimwambia Mukalay kwa heshima. "Muangalie. Malaria haina hii rangi."

Daktari alichovya kidole, akaonja.

"Ni mrututu," alisema. "Muzuri sana, unapita ule wa Bulaya."

"Basi vumbi ndiyo ilimuua."

"Mama, mi nilimupima akiwa muzima. Hakukuwa kitu mu kifua yake. Ile anafanya kisha kufa, ile haiko kazi ya hospitali."

Mukalay hakupenda ubishi wakati wa bia. Alimshukuru Ntumba kwa utunzaji wa mti, akamwomba amwambie mumewe asiache kuja.

Matofaa yaliiva mekundu, bila doa. Wageni kutoka Kinshasa waliyasifu, na daktari alikula mawili. Ntumba alifunga mizigo, akapanda treni kwenda kwa dada yake Kasai, akalia waziwazi hadi stesheni ya Tenke.

Nyumba ilipewa mchimbaji mwingine, Kalombo, na mkewe Mbuyi. Jioni Kabeya alipobisha hodi, Mbuyi alimpa kiti na beseni. Kalombo alikuwa akinawa ili ale, naye akakohoa juu ya maji yake. Mbuyi aliyatazama maji ya kunawa ya mumewe. Buluu yake ilikuwa bado hafifu.

Kesho yake alinunua beseni la pili.