Chokoleti Iliyokataa Kuganda

Mjukuu wangu hakati ganda la chungwa kwa kukisia. Hulitandaza juu ya ubao, upande mweupe ukiwa juu, huliwekea rula yangu ya chuma, ile niliyoitumia enzi zangu za upimaji ardhi, kisha hupitisha kisu kandoni mwake mpaka ganda zima liwe vijiti vya upana mmoja. Ni mimi niliyemfundisha. Bibi yake hudai kwamba nimemharibu mtoto, kwamba vitu vitamu havihitaji mstari. Lakini vijiti vikitofautiana, vyembamba hupondeka huku vinene vingali vichungu, nami sijaona sababu ya mtu kula kitu kilichopinda ilhali rula ipo.

Jumapili ninayoisimulia, jua lilikuwa kali tangu mapema. Maganda yalikuwa yamekwisha kuchemshwa jana yake, maji yakamwagwa na uchungu wake, yakabadilishwa na kumwagwa tena. Kisha yakapikwa kwa sukari mpaka yakang'aa, yakaachwa juu ya wavu yakauke. Iliyobaki ilikuwa kazi ya chokoleti. Mtoto aliivunjavunja ndani ya bakuli, akaliketisha bakuli juu ya sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota polepole, akawa anakoroga kwa mwiko mkavu.

"Babu, rudi nyuma kidogo," aliniambia. "Tone moja la maji likiingia humu, chokoleti yote inakuwa kama mchanga."

"Nani alikufundisha hayo?"

"Wewe. Siku ile ulipoinama kuangalia, jasho likadondoka."

Niligeukia dirishani. Mzee anayecheka jikoni hukabidhiwa vyombo aoshe.

Vijiti vile vilikuwa kwa ajili ya mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa fundi wa majokofu. Aliitwa kwetu mara ya kwanza jokofu letu lilipogoma. Alilitengeneza, akaenda zake. Baadaye akarudi kuuliza kama linafanya kazi vizuri, akaambiwa linafanya. Akarudi tena kuuliza swali lilelile. Hakuna jokofu duniani linalohitaji kujuliwa hali namna hiyo, na binti yangu, ambaye tangu afiwe na mumewe alikuwa akicheka kwa adabu tu, alianza kucheka kwa sauti. Mimi si kipofu. Jumapili ile fundi alikuwa anakuja kuzungumza nami rasmi, na binti yangu alikuwa amepiga pasi pazia la sebuleni likiwa lingali limetundikwa.

Sikuwa na ugomvi na yule bwana. Alifika kwa wakati, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na alipotengeneza kitu hakuacha takataka nyuma. Lakini nilimwambia binti yangu waziwazi kwamba sitamwingiza baba nyumbani kwa kumruka mtoto. Jibu langu lilikuwa kwa mtoto.

"Lakini baba, yeye kasema hana neno," alinijibu.

"Nimemsikia. Mdomo wake hauna neno."

Kwa maana nilikuwa nimeona jambo ambalo wengine hawakuliona. Tangu fundi alitengeneze jokofu lile, mjukuu wangu alikuwa hajalifungua. Maji aliyanywa ya mtungi. Akitaka maziwa, alimtuma bibi yake kwa visingizio, mara kiatu kinabana, mara anasoma. Siku moja nilimkuta amesimama mbele yake, ameinamisha sikio kama anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Jokofu hilo lilinunuliwa na baba yake, likiwa tayari limetumika kwa watu wengine, na lilikuwa na kelele isiyo ya kawaida. Likiwaka, lilitikisika, likakohoa, halafu likanguruma. Marehemu mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mzaha. Alipokuwa akimlaza mtoto, jokofu likianza alimwambia, "Sikiliza, Babu wa Pili keshaanza kukoroma. Lala kabla hajakushinda." Binti yangu aliporudi kwangu na mtoto, alirudi na jokofu pia, nami nikazoea kukoroma na mwenzangu. Mtoto alikuwa mdogo sana baba yake alipofariki. Sura ya baba anaijua kwa picha. Mzaha ule anaukumbuka mwenyewe. Na fundi, kwa ustadi wake wote, alikuwa amelinyamazisha jokofu kabisa.

Mtoto alichovya kijiti cha mwisho kwenye chokoleti, akakilaza kwenye karatasi juu ya sinia, sambamba na wenzake. Mistari ilinyooka kama mipaka ya mashamba. Nilijivuna, na sikumwambia.

"Unaviweka wapi vigande?" niliuliza.

"Dirishani."

"Na joto hili?"

"Upande wenye kivuli, babu."

"Friji iko hapo sebuleni."

"Najua iliko."

Ningeweza kumwamuru. Katika nyumba yangu amri hutiiwa, na yeye ni mtiifu kuliko wote. Lakini amri yangu ingefungua mlango wa jokofu peke yake, nami nilitaka zaidi ya hapo. Sinia likaenda dirishani.

Fundi alifika amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya pasi mikononi. Aliniamkia, akamwamkia mke wangu, kisha akamgeukia mtoto.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo," mtoto alijibu. "Lakini mimi ni mwana wa baba yangu."

"We mtoto!" mama yake alihamaki.

"Mwache, kasema kweli," fundi alisema, na masikio yake yakawa mekundu kidogo. "Nimekosea mimi. Hujambo, bibie?"

"Sijambo."

Tuliketi. Mtoto alileta sinia, akaanza kwangu, kwa kuwa katika nyumba yetu kitu kipya huonjwa kwanza na mimi. Niliinua kijiti. Chokoleti ikabaki kwenye vidole, ganda likatoka uchi. Mke wangu alichukua chake, akautazama mkono wake.

"Mke mwenzangu," alimwambia mjukuu, maana ndivyo wanavyotaniana, "hii chokoleti au rangi ya viatu?"

"Ni tamu sana, mama," binti yangu aliwahi kusema, ingawa alikuwa hajaitia mdomoni.

Fundi alitia chake chote kwa mkupuo ili kisimdondokee, na kikamdondokea. Doa la kahawia lilitua katikati ya shati jeupe. Alilitazama, akaendelea kutafuna, akafungua mdomo kusema kitu.

"Tafuna kwanza," nilimwambia. "Hapa hatuzungumzi na chakula mdomoni, Bwana Fundi."

Alimeza kama mtoto wa shule. Kisha akasema, akimtazama mtoto na si mimi, "Ganda limepikwa vizuri, halina uchungu hata kidogo. Na umelikata kwa kipimo, nimeona. Lakini chokoleti haijaganda."

Binti yangu alifumba macho. Nami moyoni nilimwandikia fundi alama nzuri, kwa sababu hakumdanganya mtoto.

"Ni joto," mtoto alisema.

"Joto gani?" bibi yake akadakia. "Friji ile siku hizi inagandisha mpaka vitunguu! Kwa nini hukuweka humo?"

Mtoto alilivuta sinia kifuani kwa mikono miwili.

"Ile friji siijui," alisema hatimaye. "Yetu ilikuwa inakoroma. Baba alikuwa anasema Babu wa Pili kalala. Yeye kaja, kaifungua, katoa sauti ya baba, kaondoka nayo. Na sasa anataka…" Sikuhitaji kusikia kilichobaki.

Binti yangu aliinuka amwendee. Nilimwashiria aketi. Nilitaka kumwona yule bwana atafanya nini.

Hakuomba radhi, wala hakusema maneno ya kubembeleza. Alifikiri, mikono juu ya magoti, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka bisibisi. Kisha akanigeukia.

"Mzee, naomba ruhusa nivute friji."

"Ruhusa unayo."

Alilivuta kutoka ukutani taratibu lisikwaruze sakafu, akapiga magoti nyuma yake bila kujali suruali. "Bibie," aliita, "njoo uangalie. Usiponiamini mimi, amini mkono wako."

Mtoto alinitazama. Niliinamisha kichwa. Aliweka sinia mezani, akaenda, akachuchumaa mbali kidogo na fundi.

"Unaliona hili dude jeusi la duara? Hii ndiyo mota. Weka kiganja hapa juu. Usiogope, ni vuguvugu tu."

Aliweka. Nilimwona akishtuka.

"Inatetemeka!"

"Ehe. Ndiyo ileile aliyonunua baba yako. Sikuibadilisha, ilikuwa nzima. Angalia hapa chini, hii mipira minne ndiyo mipya. Ile ya zamani ilikuwa imekwisha, mota ikawa inagonga bati. Kelele zilitoka kwenye bati."

"Kwa hiyo haikuwa inakoroma?"

"Ilikuwa inalalamika miguu."

"Kama babu," mtoto alisema kwa sauti ndogo.

Nilijikohoza. Mke wangu alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga.

"Ukiitoa hiyo mipira itakoroma tena?" mtoto akauliza.

"Itakoroma. Nikitoa sasa hivi, kabla chai haijapoa utakuwa umeisikia. Lakini mota itajigonga mpaka ife, na hapo nitalazimika kuleta nyingine. Siwezi kukuficha. Mwenye friji ni wewe, amua."

Kiganja cha mtoto kilikuwa bado juu ya mota. Aliiangalia mipira ile mipya mmoja mmoja.

"Basi usiitoe," alisema.

"Sawa. Lakini kuna hili bomba jembamba. Nililibana lisiguse bati. Nikililegeza kidogo, friji ikiwaka bomba litacheza, halafu litulie. Halidhuru kitu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Mtoto aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na rula ya chuma. "Kidogo kiasi gani?" alirudia.

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Alipima, akamwonyesha mtoto mstari, mtoto akasema hapana, punguza. Wakabishana. Niliwasikia wakibishana juu ya nafasi isiyozidi unene wa ganda la chungwa, wakiwa wamegusana mabega na kichwa cha mmoja kikiwa karibu na cha mwenzake, na binti yangu aliyeketi kando yangu alikuwa ameushika mkono wangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa msichana. Sikuuondoa.

"Haya, jaribu," fundi alisema. "Zungusha hicho kitufe cha baridi, izime kisha iwake tena."

Mtoto alizungusha. Jokofu likatikisika, likakohoa, likanguruma, si kwa nguvu za zamani, bali kama mtu aliyegeuka usingizini. Kisha likatulia.

"Babu wa Pili kaamka," mke wangu alisema.

Mtoto alicheka, halafu akaficha uso kwenye mlango wa jokofu, akakaa hivyo. Fundi alitazama pembeni, akijifanya anafuta rula kwa shati lake, lile lenye doa. Alipomaliza, mtoto alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaenda mezani, akalichukua sinia. Akafungua mlango. Baridi ilitoka ikamgusa miguu. Alisogeza mtindi, akasogeza bakuli la nyanya, akalitelezesha sinia ndani, akafunga.

Tulisubiri. Fundi alirudisha jokofu ukutani, akanawa, akaketi. Nikamuuliza habari za kazi yake, akanijibu, na hakuna aliyekuwa akisikiliza. Kila jokofu lilipokohoa, sote tuligeuka.

Sinia lilipotoka, chokoleti ilikuwa imeganda, ngumu na nyeusi, na vijiti vilitoa mlio vilipogusana. Niliandaa mkono wangu, kama ilivyo desturi. Mtoto alinipita. Alinipita kwa adabu, akiinamisha kichwa kidogo, akaenda kusimama mbele ya fundi.

"Anza wewe," alimwambia. "Shati lako limeshaharibika kwa ajili yetu."

Fundi alichukua kijiti, akakivunja kwa meno, na kilivunjika kwa sauti tuliyoisikia wote. Kisha, akiwa amesahau kila kitu, akanigeukia na shavu limejaa.

"Mzee, lile jambo lililonileta…"

"Tafuna kwanza, mwanangu," nilimwambia. "Hapa kwetu hatuzungumzi na chakula mdomoni."

Binti yangu aliinuka ghafla, akaenda kulinyoosha pazia ambalo halikuwa limepinda.