Salamu za Akiba

Miguu ya Rosebella Nakhumicha haikuwa na kasoro, na hilo hata maadui zake walilikubali. Kwa miaka sita alikuwa akibeba lita themanini za maziwa kwa baiskeli kila asubuhi, kutoka mashamba ya Turbo na Sugoi hadi kwenye hoteli za Huruma mjini Eldoret, huku matrekta yakimrushia matope bila kuomba radhi. Kasoro yake ilikuwa mdomo. Mdomo huo haukuweza kumpita binadamu bila kumsalimu.

Aliyeigundua ni kocha wake, Kiprop. Zamani Kiprop alikuwa sungura, yule mkimbiaji anayelipwa kuwavuta wenzake kisha anaacha mbio zikianza kunoga, na hakuwahi kushindana kwa baiskeli hata siku moja. Lakini Eldoret mtu yeyote aliyewahi kubandikwa namba kifuani ni kocha wa kila kitu, zikiwemo ndoa za watu. Klabu ya baiskeli aliyoifundisha ilikuwa imebakisha nafasi moja ya mwanamke katika mbio za baiskeli za milimani, kilomita mia moja na hamsini. Ilimwazima Rosebella baiskeli ya gia na kumpa sharti: Jumamosi aendeshe kilomita arobaini za barabara ya vumbi, kutoka Turbo kupitia Sugoi hadi mjini, kwa muda usiozidi saa mbili. Akichelewa hata dakika moja, baiskeli inarudi na nafasi anapewa mwingine.

Siku ya kwanza ya mazoezi alitumia saa mbili na dakika hamsini na moja.

"Kuendesha umeendesha saa moja na dakika hamsini na tano," Kiprop alisema akiitazama saa yake kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Hiyo ingine yote ulikuwa unasalimia watu. Kwa Mama Rael peke yake umekaa dakika kumi na moja!"

"Ng'ombe wake amezaa mapacha, Kocha. Ulitaka nimwambie hongera nikiwa nimempa mgongo?"

"Mama, hii ni race, si matanga!"

"Heshima si utumwa."

"Si utumwa," Kiprop alisema, "lakini ni breki."

Rosebella alikubali kufundishwa, kwa sababu nafasi ile aliitaka mpaka ikamkosesha hamu ya kula. Hakumweleza mtu sababu, maana ilikuwa ndogo na ya aibu kidogo. Miaka sita alikuwa amebeba maziwa ya watu. Alitaka siku moja tu abebe mwili wake mwenyewe, apande vilima bila mtu kumngojea mbele akiwa na sufuria mkononi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alijua klabu haitakuja kubisha mlango wake mara ya pili.

Basi mazoezi yakageuka kuwa darasa la utovu wa adabu. Kwanza Kiprop alimfundisha kusalimu kwa kidole bila kushika breki. Rosebella aliinua kidole, akaona ni kama amemtukana mtu, akashuka kuomba msamaha. Halafu kocha akampanga Hellen, muuza mandazi, asimame kando ya barabara kumtega. Mara ya kwanza Hellen aliita tu, "Mama Maziwa!" na Rosebella akasimama. Mara ya pili akaita, "Umesikia Joyline amejifungua?" na Rosebella akafunga breki zote mbili hadi akaruka juu ya usukani. Alipoinuka, goti likivuja damu, swali lake la kwanza lilikuwa kama mtoto ni wa kiume au wa kike.

Ijumaa akaja na suluhisho lake mwenyewe. Alipomaliza kupeleka maziwa, aliipitia njia yote nyumba kwa nyumba, akamsalimu kila mtu salamu za siku hiyo, kisha akamsalimu tena kwa ajili ya kesho. Aliuliza habari za ng'ombe, za mahindi, za wagonjwa na za watoto walioko shule za bweni. Alirudi nyumbani koo limekauka, akiwa hana deni na mtu yeyote kati ya Turbo na Eldoret. Kiprop aliposikia alikaa chini juu ya jiwe, akacheka mpaka akatoa machozi.

Jumamosi asubuhi mambo yalikwenda yalivyopangwa. Rosebella mbele, Kiprop nyuma juu ya pikipiki, na watu malangoni wakipaza sauti, "Pita, Mama! Tulimalizana jana!" Hata Mama Rael alifumba mdomo, ingawa ilionekana wazi kwamba ana habari mpya na zinamuumiza. Mnyororo ulichomoka mara moja ukamla dakika tano, lakini alipofika Sugoi bado alikuwa na dakika tatu za ziada.

Ndipo akaona kofia, koti refu na fimbo.

Alikuwa Mzee Mukhwana, baba mkwe wake, ambaye kwa haki alipaswa kuwa Bungoma. Hakutuma habari kwamba anakuja. Alikuwa ameshuka Sugoi kumwona mwenzake wa jando aliyekuwa mgonjwa. Salamu za Mzee Mukhwana zilijulikana. Zilianza kwa ng'ombe, zikaja kwa wajukuu mmoja mmoja, zikamalizikia kwa marehemu wote kwa mpangilio wa kufariki kwao. Robo saa ilikuwa ni pale anapokuwa na haraka.

Mzee aliinua mkono. Kwao, mke wa mtu akimwona baba mkwe wake hushuka, akasogea kando, akainamisha macho. Vidole vya Rosebella vilishika breki bila kumuuliza. Aliogopa, aliogopa kweli, kuliko alivyowahi kuogopa lori lolote la mahindi. Lakini akilini aliiona Jumatatu, na Jumatatu zote zitakazofuata, na mitungi ya maziwa ya watu imejaa. Akaachia breki. Akampita mzee kwa kasi ya mteremko, vumbi likamfunika mkwewe kuanzia viatu hadi kofia.

Alifika mjini kwa saa moja na dakika hamsini na nane.

"Umepata!" Kiprop alipiga kelele akimtikisa mabega. "Na yule mzee wa fimbo je? Umempita kama mlingoti wa stima! Sasa umeiva!"

"Yule ni baba mkwe wangu."

Kiprop alimwachia mabega polepole. "Hiyo," akasema, "si mimi nilikufunza."

Alipoingia nyumbani, mzee alikuwa amekalia kiti kikubwa, vumbi lote bado mwilini. Alikataa kujipangusa, alikuwa amelileta kama ushahidi. Mumewe, Wesonga, alisimama karibu na mlango kama aliyevunja glasi ya wageni. Rosebella aliinamisha macho, akasalimu. Mzee hakuitikia.

"Mtu akimpita mkwe wake hivyo, hutoa nini?"

"Kuku, Baba."

"Tembe?"

"Jogoo."

"Vizuri. Hujasahau yote." Aligonga fimbo sakafuni. "Wesonga anasema hiyo mbio yenyewe ni Jumamosi ijayo. Inapita Sugoi?"

"Inapita, Baba."

"Mimi nitakuwa hapo hapo. Nitainua huu mkono. Utasimama?"

Wesonga alikohoa, akamtolea mkewe macho, akaitikia kwa kichwa kumwonyesha aseme ndiyo. Uongo ulikuwa karibu na ungemaliza mambo palepale. Rosebella aliutafuta mdomoni, asiuone.

"Hapana, Baba," akasema. "Nitakupita tena."

Mzee Mukhwana aliilaza fimbo sakafuni. Kisha akaanza kujipangusa vumbi, bega moja, halafu jingine.

"Basi chinja wawili," akasema.