Mtu wa Kusimama Nyuma

Nyirabagenzi alikuwa bado anapumua walipomtoa chini ya gurudumu la nyuma. Viateur, shofere aliyemkanyaga, alipiga magoti kwenye matope ya machimbo ya Rubaya akajaribu kufungua mkanda uliomkaza paji la uso. Mfuko wa madini ya coltan ulikuwa ungali mgongoni mwake. Mbebaji aliyeinama hivyo haoni gari linalomjia.

"Munitue," yule mama akasema. Hakusema tena.

Kioo cha kulia cha kutazamia nyuma kilikuwa kimevunjika tangu Pasaka, na mwenye gari, Papa Archange, alikuwa ameambiwa mara tatu. Asubuhi ile Viateur aliomba mtu mmoja tu asimame nyuma amwongoze.

"Watu wote wako ku muzigo," Archange alimjibu. "Shofere njo wewe. Rudi nyuma, mvua inakuja."

Kituoni, afande aliandika bila kuinua uso.

"Nani alikuwa ku usukani?"

"Ni miye, afande. Lakini kioo..."

"Nimeuliza nani alishika usukani."

"Miye."

Archange alikuwa amepewa kiti. Viateur alikaa sakafuni, miguu mitupu. "Gari yangu iko muzima," Archange akasema taratibu. "Ule mama ananiumiza roho. Ila shofere akikosa kuangalia, patro, mwenye gari, atafanya nini?"

Viateur akatia sahihi kwenye maelezo yake.

Jioni Dusabimana, mume wa marehemu, alikuja dirishani pa mahabusu, afande akimfuata nyuma. Viateur alingoja matusi. Aliyatamani.

"Kaka, wanasema ulikuwa karibu naye. Alisema neno?"

Angeweza kumdanganya kwamba mkewe aliwataja watoto.

"Alisema tumutue."

"Mugongo ilikuwa inamuuma tangu juzi. Nikamuambia avumilie."

Kisha akapitisha karatasi katikati ya vyuma. "Bila kuweka kidole ku hii hawatanipatia maiti. Sijui kusoma. Unisomee."

Viateur alimtazama afande. Afande alimtazama yeye. Akasoma: gari ni zima, dereva hakuwa mwangalifu, na marehemu, kwa uzembe wake mwenyewe, alipita nyuma ya gari mahali palipokatazwa. Akasoma mpaka mwisho.

"Iko vile?" Dusabimana akauliza.

Afande akafungua kidau cha wino.

"Njo vile wameandika," Viateur akasema.

Dusabimana akachovya dole gumba, akaliinua, hajui pa kulipeleka. "Naweka wapi, kaka?"

Viateur akamwonyesha.