Mtumbwi wa Shangazi Kokubanza

Datius alipoipita mibuni ya mwisho alianza kukimbia. Shamba la kijiji lilikuwa limemshika hadi saa nane, na jua lilikuwa kali kuliko alivyotegemea. Ngozi ilipaswa kutoka majini tangu adhuhuri.

Ilikuwa ngozi ya mwisho. Mbili za kwanza ziliharibika, na Philbert, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa, yuleyule aliyemzuia shambani leo, alikwishasema: hii nayo ikioza, karakana ya ngozi inafungwa. Kesho angekuja kuitazama.

Pipa la karakana lilitoboka, ndiyo maana Datius aliazima mtumbwi wa shangazi yake Kokubanza, ule wa kukamulia ndizi za rubisi, pombe ya ndizi. Ndani alitia maji, maganda ya ndizi, pumba, na kibuyu cha machicha ya rubisi ya zamani yenye bakteria. Bakteria hula maganda na kutoa vimeng'enya, na vimeng'enya hulainisha ngozi. Ila havijui kuacha. Vikimaliza ugumu, vinaila ngozi yenyewe.

Kokubanza alikuwa ameufunika mtumbwi kwa majani ya mgomba, akakaza kamba, akaketi kando yake.

"Shangazi, nifungulie."

"Rubisi haifunuliwi kabla ya alfajiri. Hata baba yako alilijua hilo, na ulevi wake wote."

"Humu hamna rubisi."

"Mtumbwi wangu, fundo langu. Sikiliza inavyochemka vizuri."

Datius alisikia mapovu. Harufu ya ndizi ilikuwa imekwisha; iliyobaki ilikuwa ya nyama. Kisu kilikuwa kiunoni, lakini kukata fundo la shangazi ni kumtukana mbele ya nyumba yake. Alichuchumaa.

"Rubisi ikizidi inakuwa kali tu, mtu atainywa. Hii ikizidi, kesho nitafunua maji matupu."

Kokubanza alinusa. Akanusa tena. Kisha akaanza kufungua, fundo moja baada ya jingine, bila haraka.

Datius alibonyeza kidole gumba mgongoni mwa ngozi. Alama ikabaki, kama inavyotakiwa. Akabonyeza tumboni. Kidole kikatokea upande wa pili.

"Maji, shangazi. Ya baridi."

Waliisuuza ngozi. Datius akalikata tumbo lililooza, akautandaza mgongo juu ya ubao. Kokubanza alibonyeza kidole chake karibu na alama ya Datius, akaitazama.

"Kumbe hii haingojwi kama rubisi," alisema. "Philbert akija, mpe mgongo abonyeze. Tumbo lizike."

"Na tumbo nitamwonyesha," alisema Datius. "Asipoona kuchelewa kulivyoliozesha, kesho kutwa atanizuia tena shambani."