Kigogo Hulazwa

Rayya alikuwa mjuaji, na ujuaji ndio uliomponza. Kwao ni jangwa la changarawe, ambako hema hushikiliwa na vigingi vya chuma. Huku alikoolewa ni mchanga mtupu, laini kama unga, na asubuhi ile mama mkwe wake, Zuwena, alimwekea rundo la vigogo vya mtende.

"Funga kamba katikati ya kigogo, ukilaze shimoni, ufukie, ukanyage. Wanakuja kumposa wifi yako. Sitaki mchezo leo."

"Tuzike kuni, mama? Na vigingi vya chuma nilivyopewa na baba yangu vipo garini?"

"Chenye ncha, mchanga hukipisha kuingia na hukipisha kutoka. Kilicholala hakitoki mpaka kisukume mchanga wote ulio mbele yake. Haya, fanya."

Rayya akaitika vizuri tu. Zuwena alipokwenda kukaanga kahawa, akavichukua vigingi. Vilizama kwa mapigo mawili matatu ya nyundo, akajiona fundi kweli. Vigogo akavificha nyuma ya gari.

Wageni walikuwa wameshika vikombe upepo ulipovuma. Vigingi vikachomoka kimoja baada ya kingine, bila hata kung'ang'ana, hema likawaangukia wote, kahawa na tende juu yao. Baba wa mposaji alitolewa chini akikohoa, kilemba kimemfunika macho.

Mkewe akajipangusa. Kwa watu hawa hema ni kazi ya wanawake, kwa hiyo aliwageukia wao. "Nani kafunga kamba hizi?"

Zuwena alitazama kigingi kikining'inia kwenye kamba, kisha akamtazama Rayya. Rayya akafungua mdomo. Kisha akainama kuokota vikombe.

"Mimi," akasema Zuwena. "Uzee huu, dada yangu."

"Na binti umemfundisha wewe?"

Waliondoka bila kugusa chakula, na neno la posa halikutamkwa. Thuraya, binti mwenyewe, alikuwa akikung'uta mazulia huku machozi yakimtoka. "Mama, umenifanyia nini?" Mama yake akaendelea kukunja kamba. Rayya alisimama pale pale, akajichukia, na bado akanyamaza.

Hamdan, baba mkwe, akamaliza maneno. "Kuanzia leo kamba ni za Rayya. Wewe Zuwena umechoka, kaa na kahawa yako." Hema hilo Zuwena ndiye aliyekuwa akilisimamisha tangu alipoletwa hapo bibi harusi.

Wakabaki wawili. Zuwena akavitoa vigogo nyuma ya gari, akampa kimoja.

"Kwa nini, mama?" Rayya akanong'ona.

"Posa ya mmoja imevunjika. Nivunje na ndoa ya mwingine? Laza hicho."

Rayya akakilaza, akafukia, akakanyaga, hawezi kuinua uso. Hamdan akapita, akaivuta kamba kwa nguvu zake zote. Haikusogea.

"Umeona, Zuwena?" akasema. "Hivi ndivyo kamba inavyofungwa."

Zuwena akasema ameona.