Koti la Chumba 614

Kutoka Erdington mpaka katikati ya mji ni robo saa tu kwa treni, na mimi nilikuwa navuta sanduku utadhani nahamia nchi nyingine. Mtoto wangu Aganze aliniuliza mlangoni, kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia vizuri lakini kukijibu hataki, kama kweli naenda kulala hotelini katika mji ninaoishi. Nikamwambia ndiyo, Birmingham, siku mbili, na wali uko kwenye friji. Akacheka. Ana miaka kumi na saba, kwa hiyo anajua kila kitu.

Sikumwambia kwamba tangu Jumatatu nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa naenda kuonana na dada Lalita, na nilikuwa na neno la kumwambia ambalo nimelikalia miaka kumi na moja. Mwezi wa kwanza mwanawe Nitin anampeleka Kanada, wanahama kabisa. Nisipolisema sasa, basi tena.

Hoteli yenyewe naijua kuliko nyumba yangu. Nilitandika vitanda pale miaka saba, ghorofa ya sita. Siku ya kwanza kazini nilijifungia kwenye stoo ya shuka nikalia, kwa sababu meneja alikuwa amenielekeza kazi yote kwa Kiingereza na mimi nilikuwa nimeshika neno moja tu, taulo. Mlango ukafunguka. Akaingia mama wa Kihindi, mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, akaniangalia, akasema, "Pole, mama. Nani amekuliza?" Yesu wangu! Mhindi ananipa pole kwa Kiswahili, ndani ya stoo, Birmingham! Huyo ndiye dada Lalita. Kumbe amezaliwa Kisumu, akaletwa huku msichana wa miaka kumi na tano, na Kiswahili chake hakukiacha uwanja wa ndege. Kiswahili changu cha Bukavu alikuwa anakicheka mpaka anashika mbavu. Nami nikimcheka chake. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Yeye alikuwa msimamizi wetu, ana funguo zote kiunoni. Alinifundisha kukunja pembe ya shuka mpaka ikae sawa kabisa. Na kila Desemba, tukifika chumba 614, tulisimama dakika mbili dirishani, maana kutoka pale unaliona soko la Krismasi lote chini, taa, vibanda, moshi wa soseji, watu wamejifunga skafu. Dada Lalita alikuwa anasema, "Mama Aganze, siku moja tutalala hapa sisi. Tutakunywa chai kitandani. Taulo tutatupa chini. Na kitanda hatutandiki, ng'o!"

Halafu likaja lile koti.

Lilikuwa la mtoto, jekundu, lina manyoya kwenye kofia. Wageni wa 614 walilisahau nyuma ya mlango. Sheria ilikuwa wazi, kitu kilichosahauliwa unakipeleka stoo ya chini, kinaandikwa, kinangoja miezi mitatu. Mimi nilikiangalia kile kikoti, nikamfikiria Aganze, miaka sita, anakwenda shule Small Heath na sweta mbili moja juu ya nyingine. Nikakiweka kwenye mfuko wangu. Alikivaa siku mbili. Siku ya tatu wenyewe wakapiga simu, na meneja akatuita wote, akasema ataita polisi.

Wakati huo nilikuwa nangoja karatasi za kukaa nchi hii moja kwa moja. Kesi ya wizi, hata ya koti, ingeniharibia. Nilikimbia nyumbani saa ya chakula nikalichukua, nikarudi mbio, nikamkuta dada Lalita kwenye ngazi. Hakuniuliza kitu. Aliuchukua mfuko mkononi mwangu, akashuka nao ofisini, akasema ni yeye. Mimi nikabaki kwenye ngazi. Sikusema "ni mimi". Akafukuzwa siku hiyo hiyo, baada ya miaka kumi na tisa, na wiki iliyofuata zile funguo wakanipa mimi.

Kwake Sparkbrook sikwenda. Nilisema nitakwenda Jumapili. Jumapili ikafika nikasema ijayo. Aibu ni kitu kibaya, inakufanya unapita mtaa wa tatu ili usipite ule wa mtu aliyekuokoa. Mwezi wa kumi mwaka huu nilikutana na Nitin ana kwa ana dukani Stratford Road, sikuwa na pa kujificha, akaniambia habari za Kanada. Usiku sikulala. Asubuhi nikachukua chumba kwa simu, halafu nikampigia dada Lalita. Nilidhani atakata. Aliuliza kitu kimoja tu, "Sita moja nne?"

"Ndiyo, dada."

"Njoo na majani ya chai. Yao ni maji ya moto tu."

Basi tukaingia. Amezeeka, na mimi nimezeeka, vitanda ni vipya na zulia ni lingine, lakini dirisha ni lile lile. Tulikaa pale na chai yetu ya tangawizi tukitazama watu chini, na mara tatu nilifungua mdomo. "Dada, kuna jambo." Mara ya kwanza akasema angalia, yule mtoto ameangusha soseji. Mara ya pili akasema chai imepoa. Mara ya tatu akaruka kama ameona nyoka, akainua godoro. "Mama Aganze! Nani amekunja pembe hii? Hii ni pembe au ni kitambaa cha kufutia sahani?" Akatandua kitanda chote akakitandika upya, na mimi, mjinga, nikamshikia upande wa pili. Nilikasirika kweli. Nilijua ananikwepa, na mimi hasira zangu haziko mbali. Nililala nimempa mgongo.

Asubuhi tukaamka saa kumi na mbili bila saa ya kutuamsha. Sijui nani alianza. Nakumbuka tu kwamba alikuwa anasugua sinki akiimba kitu cha Kigujarati, na mimi nakunja taulo mara tatu, na vikombe vimeoshwa, na pipa la taka ni tupu, na sanduku langu na mkoba wake tumevificha kabatini ili chumba kisionekane vibaya. Kadi moja ya mlango tuliiacha mezani, imenyooka sawasawa na kalamu. Kisha tukaenda kula mayai, tukatoka kwenye baridi, tukazunguka soko, tukabishana kuhusu bei ya kila kitu na hatukununua hata kimoja.

Tuliporudi, kadi ikagoma. Taa nyekundu. Nikajaribu tena, nyekundu. Akatokea msichana anasukuma kigari cha shuka, kifuani ameandikwa Merveille, sura ya kwetu kabisa. Nikamsemesha Kiswahili, akanielewa, akanijibu Kiingereza, kama Aganze wangu. "Sori, anti," akasema, alidhani tumeondoka. Aliingia kutandika akakuta vitanda vimenyooka, bafu linang'aa, kadi mezani. Akaripoti kwamba wageni wa 614 wametoka mapema na kusahau mizigo.

Dada Lalita alicheka mpaka akajishikiza ukutani. "Wametufukuza kwa usafi!" Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua mizigo iliyosahauliwa inapelekwa wapi.

Tulishuka kwa zile zile ngazi, Merveille na kigari chake wakatangulia kwa lifti. Stoo ya chini haijabadilika, rafu za chuma, harufu ya vumbi na sabuni. Msimamizi wa sasa ni kijana wa Kisingasinga, Jatinder, mwenye adabu sana. Aliomba radhi, akasema tangu aanze kazi hajaona wageni wanaoacha chumba hivyo, halafu akashika kompyuta yake akaniuliza vitu vyetu ni vipi.

"Sanduku hilo ni langu," nikasema. "Mkoba wa buluu ni wa dada." Kisha nikamsogelea. "Na kuna koti."

"Koti gani?"

"Jekundu, la mtoto. Miaka kumi na moja iliyopita. Nililichukua mimi. Si huyu mama, ni mimi. Andika."

Yule kijana alitazama kompyuta, akanitazama, akatazama tena. Akasema kwa upole kwamba haoni koti kwenye orodha.

"Najua halipo! Andika hivyo hivyo!" Nilikuwa napiga kelele na machozi yananitoka. Merveille akasogea karibu na kigari chake kama kwamba kitamlinda.

Dada Lalita alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Mama Aganze, unamgombeza huyu? Wakati ule yeye alikuwa shule ya msingi." Akanivuta mkono tukakaa kwenye maboksi. Hakucheka tena.

"Koti ninalijua," akasema. "Nilishuka kwa miguu yangu, hakuna aliyenituma. Wewe ulikuwa unangoja karatasi, una mtoto mdogo, mimi Nitin wangu alishaanza kazi. Hilo sikulijutia hata siku moja. Lakini kesho yake nilikanda unga, nikapika chapati nyingi. Nikasema Mama Aganze leo atakuja kunipa pole. Kwetu mtu akipatwa na jambo si unakwenda? Hata mikono mitupu. Hukuja. Kesho kutwa yake nikapika tena. Nitin alikula chapati wiki nzima, akaniuliza mama, una nini? Hilo ndilo liliniuma. Koti ni kitambaa tu."

Maneno yote niliyoyapanga tangu Jumatatu niliyaacha. Nilimshika mikono yote miwili.

"Pole, dada," nikasema. "Pole sana."

Jatinder akajifanya anahesabu miavuli. "Haya," dada akasema mwishowe, akavaa miwani. "Nimepokea. Sasa inuka, twende tukachafue kile chumba."

Na tulikichafua! Tulikunywa chai kitandani na biskuti, makombo kila mahali. Taulo sita chini. Asubuhi tuliacha vitanda kama vilivyo, ingawa kwenye lifti alinong'ona kwamba yule msichana ataumia mgongo, na ikabidi nimshike mkono asirudi.

Treni ya Erdington nikaiacha iende. Nilipanda naye basi mpaka Sparkbrook, na sanduku langu lote, nikaingia nyumba ambayo nilikuwa sijaikanyaga kwa miaka kumi na moja. Nusu ya vitu vilikuwa vimeshafungwa kwenye maboksi. Kibao cha chapati hakikuwa kimefungwa. Alikanda, mimi nikasimama kwenye chuma cha chapati nikigeuza, mpaka sahani ikajaa hadi juu.

Nitin akaingia jikoni, akaziona, akauliza kitu kwa Kigujarati. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Mama yake hakugeuka. Alimjibu kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Ni za Mama Aganze," akasema. "Amekuja."